Matairi ya pikipiki za kale: Soma tarehe kabla ya kutazama mifereji

MMILIKI wa pikipiki ya kale jijini Nakuru hukabiliwa na hadaa moja kuu. Kwa kuwa chombo chake hutoka nyumbani mara chache, matairi hubaki na mifereji yenye kina, yakaonekana mapya ilhali mpira umekwisha kukauka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Umri wa tairi la aina hiyo hupimwa kwa miaka, wala si kwa kilomita. Kwenye mteremko wa Sachangwan, hasa mvua inaponyesha, mpira uliokauka haushiki lami.

Kusoma ubavu wa tairi

Ubavuni mwa matairi mengi mna herufi DOT na msimbo unaomalizikia kwa tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki ya kuundwa, mbili za mwisho ni mwaka. Hivyo basi, 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka wa 2023. Msimbo ukiishia kwa tarakimu tatu, tairi liliundwa kabla ya mwaka wa 2000 na halifai tena barabarani.

Tairi likishapita miaka mitano, likaguliwe kila mwaka. Lifikapo miaka 10, libadilishwe hata kama mifereji haijalika. Nyufa ndogo ubavuni, au mpira usiobonyea ukididimizwa kwa ukucha, ni dalili za kuchakaa. Ukaguzi huu ufanywe dukani pia, kwani saizi zisizonunuliwa sana huweza kukaa rafuni miaka kadhaa.

Kuchagua saizi

Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia rimu za inchi 17 au 18, na ndizo saizi zilizojaa madukani. BSA Bantam D1, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka wa 1948, huhitaji 2.75-19. Pikipiki nyingi kubwa za Uingereza za miaka ya 1950 huvaa 3.25-19 mbele na 3.50-19 nyuma. Nambari ya mwisho ni kipenyo cha rimu, na haina mbadala: tairi la inchi 18 haliingii kwenye rimu ya inchi 19. Nafuu ni kwamba Royal Enfield Bullet ya India ilitumia 3.25-19 kwa miongo mingi, hivyo viwanda vya huko vimeendelea kuunda saizi hiyo.

Tairi pana kupita kiasi hukwaruza bamba la matope na kuharibu wepesi wa kukata kona. Vilevile, usichanganye tairi la radiali na lile la nyuzi zilizokingamana. Herufi ya mwendo nayo izingatiwe: P ni kilomita 150 kwa saa, S ni 180.

Rimu za spoki huhitaji tyubu. Kila tairi jipya lifungwe na tyubu mpya pamoja na utepe wa kuikinga dhidi ya ncha za spoki, na mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia. Kwa kilomita 150 za kwanza, endesha taratibu kwa kuwa uso wa tairi jipya huteleza.

Upepo na hifadhi

Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, ukifuata kiwango cha kitabu cha pikipiki. Joto likipungua kwa nyuzi 10, upepo hushuka kati ya paundi moja na mbili. Kwa hiyo anayejaza upepo Marigat adhuhuri, kisha akalala karibu na Mau Summit, apime tena kabla ya kuondoka. Upepo ukipungua sana, tairi huzunguka juu ya rimu na kuivuta tyubu. Vali iliyoinama ni onyo kwamba tyubu inakaribia kuchanika.

Miiba ya migunga ya Naivasha, Elementaita na Baringo ni adui mwingine. Tyubu ikitobolewa huweza kuishiwa na upepo ghafla, hivyo beba tyubu ya akiba, pampu na vyuma vya kubandulia tairi.

Pikipiki isiyotumika iegeshwe kivulini, magurudumu yakiwa yameinuliwa, mbali na petroli, oili na mashine za kuchomelea vyuma. Andika tarehe ya kila tairi kwenye daftari la matengenezo, karibu na ile ya kubadilisha oili.