Kutoka madaraja saba hadi mitandao ya neva: historia fupi ya grafu

1. Neno na dhana
Mwanafunzi wa sekondari alisikiapo neno grafu huwaza mihimili miwili na mstari unaopanda au kushuka. Hiyo ndiyo Kifaransa hukiita graphique. Grafu inayochunguzwa hapa ni ile iitwayo graphe, yaani mkusanyo wa vifundo vinavyounganishwa kwa mistari. Kwa kuwa Kiswahili kimezibebesha dhana hizo mbili neno moja, yafaa historia ya dhana ya pili ielezwe.

2. Chanzo
Mwaka 1736 Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, aliandika juu ya mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad. Madaraja 7 yaliunganisha sehemu 4 za nchi kavu. Swali likawa kama mtu aweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu. Euler alionyesha kuwa haiwezekani. Apitaye mahali pasipo kuanzia wala kuishia hapo huhitaji daraja la kuingilia na jingine la kutokea. Basi sehemu zenye idadi witiri ya madaraja haziwezi kuzidi mbili. Huko Königsberg zote 4 zilikuwa na witiri. Urefu wa madaraja haukuhusika. Uliohusika ni uunganifu tu.

Jina lilifuata baadaye. Mwaka 1878 Mwingereza James Joseph Sylvester alilitumia akilinganisha aljebra na michoro ya wanakemia, ambamo atomi ni vifundo na vifungo vyake ni mistari.

3. Kuingia katika mashine
Mitandao ya neva ya awali ilizoea kupokea namba zilizopangwa kwa safu. Lakini molekuli haina atomi ya kwanza wala ya mwisho. Mwaka 1997 Alessandro Sperduti na Antonina Starita, wa Italia, walilishughulikia tatizo hilo. Mwaka 2005 Marco Gori, Gabriele Monfardini na Franco Scarselli walitoa modeli iliyobeba jina la mtandao wa neva wa grafu, na maelezo yake kamili yakatoka mwaka 2009. Mwaka 2017 Thomas Kipf na Max Welling, wa Amsterdam, walirahisisha hesabu zake; mwaka huohuo Justin Gilmer na wenzake walionyesha kwamba modeli nyingi za aina hiyo zafuata kanuni moja, yaani kupelekeana ujumbe. Kila kifundo hupokea namba za majirani zake, huzijumlisha, kisha hubadili namba zake chenyewe. Baada ya mizunguko mitatu, huwa kimepata habari za walio hatua tatu mbali.

Wanaisimu hawakuachwa nyuma. Tangu Lucien Tesnière, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1959, sentensi imechorwa kama mti wa utegemezi. Katika «Mtoto aliyeanguka jana sokoni analia», maneno «mtoto» na «analia» yako mbalimbali katika mfuatano, lakini ni majirani katika mti. Mwaka 2017 Diego Marcheggiani na Ivan Titov waliutumia ujirani huo kutambua dhima za kisemantiki.

4. Matunda na mipaka
Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walifundisha mtandao wa namna hii kwa molekuli 2,335 zilizopimwa dhidi ya bakteria E. coli. Mtandao uliteua molekuli iliyopewa jina halicin, na maabara ikathibitisha kuwa inaua bakteria kadhaa sugu. Hivyo grafu ilirudi katika kemia iliyolipatia jina.

Hata hivyo, mwaka 2019 ilithibitishwa kwamba mitandao ya kupelekeana ujumbe haiupiti uwezo wa jaribio la Weisfeiler na Leman la mwaka 1968. Chora duara la vifundo 6, kisha pembetatu mbili zilizotengana. Katika michoro yote miwili kila kifundo kina majirani wawili. Vifundo vikiwa na namba zilezile mwanzoni, mtandao hauoni tofauti ambayo mtoto huiona mara moja.

5. Hitimisho
Mtandao wa neva hujifunza juu ya viungo ulivyopewa, na anayeichora grafu ndiye huamua kitakachojulikana. Kwa Kiswahili, miti ya utegemezi haijichori yenyewe: lazima kwanza mtu aamue kama kiambishi cha yambwa ni kifundo kinachojitegemea au ni sehemu ya kitenzi. Uamuzi huo ni wa sarufi kabla ya kuwa wa hesabu, na wasipoutoa wanaisimu wa Kiswahili, utatolewa na wasioijua lugha.