Mashine ya kung'arishia gari: historia kidogo kabla hujatoa pesa

Leo naweka tarakilishi kando. Kuna swali ambalo jamaa zangu huniuliza kila mara: mtu mwenye gari la kawaida, anayetaka kuling'arisha mwenyewe nyumbani, anunue mashine gani isiyomtoboa mfuko? Jibu fupi lipo, lakini halieleweki bila historia. Dukani utakuta aina mbili kwenye rafu moja, zinafanana kwa umbo. Zilizaliwa kwa kazi mbili tofauti, na moja yazo inaweza kula rangi ya gari lako kwa sekunde chache. Rangi ikishaliwa, hakuna kitufe cha kurudisha nyuma!

Tuanze na rangi yenyewe. Magari ya kwanza yalipakwa kama fanicha: rangi ya mafuta na vanishi, kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kila moja lisubiriwe likauke. Kazi ilichukua wiki nzima nzima. Ndiyo maana si ajabu kwamba Meguiar's, jina linalojulikana leo kwa dawa za magari, lilianza mwaka 1901 huko Indiana, Marekani, kwa kutengeneza dawa ya kung'arisha fanicha. Henry Ford naye, kwa kutafuta kasi kiwandani, aliuza Model T kwa rangi nyeusi pekee tangu 1914 hadi 1925.

Mambo yalibadilika mwaka 1923. Kampuni ya DuPont, ikishirikiana na General Motors, ilileta Duco, laka ya nitroselulosi iliyopulizwa kwa bomba na kukauka kwa saa badala ya wiki. Gari la Oakland lilitoka nayo likiwa la buluu. Lakini laka hiyo ilikuwa na tabia yake: ili ing'ae vizuri ilibidi isuguliwe, na ikikaa juani ilififia na kutoa unga. Hapo kusugua gari kukawa kazi isiyokwisha, na mikono ya binadamu huchoka.

Mota ya umeme ilikuwa tayari. Mwaka 1917 Black & Decker walipata hataza ya drili ya mkononi yenye mshiko wa bastola na kifyatulio. Mwaka 1954 kampuni ya Ujerumani ya Ackermann + Schmitt ikatoa grainda ya pembe kwa jina la FLEX, na jina hilo likazoeleka hata Wajerumani wakaita kila grainda "Flex". Ndugu wa grainda hiyo ndiye mashine ya kwanza kati ya zetu mbili: ile ya mzunguko mmoja. Sahani imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili, inazunguka mahali pamoja, na ukiikandamiza haisimami. Mikononi mwa fundi aliyezoea ni chombo cha ajabu, hukata haraka. Kwa mgeni, msuguano wote unageuka joto pale pale.

Zamani hilo lilivumilika kiasi, kwa sababu rangi ilikuwa ya namna moja kutoka juu hadi chini. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vingi vilihamia mfumo wa tabaka mbili: rangi chini, na juu yake vanishi angavu ambayo mafundi wetu huiita kliya. Kliya mara nyingi ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi. Karatasi ya kawaida ya A4 ina kama mikroni 100. Basi, ndugu msomaji, mng'ao wote wa gari lako na kinga yake dhidi ya jua vimo ndani ya nusu ya unene wa karatasi! Nimeshuhudia kwenye maegesho ya mtaani kwetu boneti ya jirani ikiungua ukingoni, mahali ambapo rangi huwa nyembamba zaidi. Fundi aliiweka mashine ya mzunguko hapo kwa muda mfupi tu. Gharama ya kupaka upya ilizidi bei ya mashine.

Wokovu ulitoka kwa maseremala. Walikuwa na mashine ya msasa ambayo sahani yake haikai katikati ya mhimili, imesogezwa pembeni milimita chache. Mota ikizunguka, sahani inafanya mambo mawili: inayumba katika duara dogo maelfu ya mara kwa dakika, na papo hapo inajizungukia yenyewe kwa uhuru. Njia yake hairudii pale pale, kwa hiyo haichori alama za duara. Ukiikandamiza mno, ule mzunguko wa uhuru unakoma, inabaki kutetemeka tu. Yaani mashine yenyewe inakataa kukuharibia kazi. Mtu yeyote anayeandika programu atapenda muundo wa namna hiyo.

Porter-Cable ya Marekani iliuza mashine ya aina hii, 7424, yenye myumbo wa milimita 8 hivi. Wapenzi wa magari wa miaka ya 1990 na 2000 waliifanya chaguo lao la nyumbani. Baadaye Rupes wa Italia wakapanua myumbo hadi milimita 15 na 21, kazi ikaenda kasi zaidi. Viwanda vya China vikafuata kwa bei nafuu, na hapo ndipo mfuko wa mtu wa kawaida ulipopumua.

Haya, sasa kununua. Kwanza, chukua ya kuyumba. Myumbo wa milimita 8 unatosha kujifunzia, wa 15 unafaa boneti na milango. Pili, soma volti. Mashine ya soko la Marekani ni ya volti 120, na stima yetu ni 240. Bila transfoma inaungua siku ya kwanza. Tatu, angalia meno ya skrubu ya sahani: mashine za kuyumba nyingi hutumia 5/16-24, za mzunguko za huku M14. Haziingiliani. Nne, iwe na kidhibiti mwendo, na brashi za kaboni unazoweza kubadilisha. Usihadaike na wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi.

Bakiza pesa za sponji kadhaa na dawa nzuri. Mashine ya bei ndogo yenye sponji safi hushinda ya bei kubwa yenye sponji chafu. Osha gari kabisa, fanya kazi kivulini, bandika utepe kwenye kingo, na jaribu kwanza sehemu ndogo kwa sponji laini na dawa laini. Ikitosha, usiendelee na kali zaidi. Magari yetu mengi yalitumika Japani kwanza, na huenda yameshasuguliwa na mtu usiyemjua. Mikroni alizochukua yeye hazipo tena. Zilizobaki ni zako, zitumie kwa uchoyo.