Mali Isiyoorodheshwa: Dhana na Istilahi Yake

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mtambo mkubwa wenye chumba chake. Hata Serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, amri hiyo iliweza kusimamiwa bandarini, kwa kuwa mtambo ni kitu kionekanacho. Mhakiki mali aliuhesabu, akaubandika namba, akauandika katika leja.

Hali hiyo imebadilika. Tangu kampuni ya Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi ya data kwa njia ya intaneti mwaka 2006, ofisi haina haja tena ya kununua mtambo ili itunze majalada. Mtumishi aishiye Goba aweza, akiwa nyumbani kwake usiku, kufungua akaunti ya wingu kwa anwani yake binafsi na kuweka humo kumbukumbu za idara nzima. Hapana hati ya ununuzi wala kibandiko. Akihamishiwa Mtwara, nywila huondoka naye.

Je, mali ya namna hii iitweje? Baadhi ya wafasiri huandika "mali iliyofichwa". Kwa maoni yetu istilahi hiyo ina kasoro. Kuficha ni tendo la kusudi, nalo huashiria hila, ilhali watumishi wengi hukusudia kuharakisha kazi tu. Anayeamriwa kwa waraka ataje "mali aliyoificha" atanyamaza, na uhakiki utakwama.

Twapendekeza "mali isiyoorodheshwa". Istilahi hii huonyesha kwamba upungufu umo katika orodha, na kitenzi chake chaeleza dawa: kuorodhesha. Mhakiki hupekua hati za malipo na kumbukumbu za mtandao wa ofisi, kisha huwauliza watumishi wenyewe. Kinachopatikana huhamishiwa akaunti ya ofisi, nywila hubadilishwa, na mwenye dhamana hutajwa kwa cheo chake.

Jambo hili si la maneno matupu. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zimeweka wajibu juu ya taasisi. Lakini taasisi haiwezi kulinda isichokijua, wala haitakijua iwapo lugha ya nyaraka zake yawatisha wale wanaokijua. Tunawaomba walimu na wafasiri waipime istilahi hii katika kazi zao.