Farasi Ana Pasipoti

Kanuni za mbio za farasi za masafa marefu nilikutana nazo nikitafuta kitu kingine. Nilikuwa naandika kazi ya uzamili kuhusu wanyama katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwetu Sumbawanga farasi ni mnyama wa kwenye picha, kwa hiyo nilianza kuzisoma huku nikitabasamu. Sikumaliza hivyo.

Mchezo huu kwa sura yake ya leo ulianza Marekani mwaka 1955, Wendell Robie na wenzake walipovuka milima ya Sierra Nevada, maili 100 ndani ya saa 24. Siku hizi mashindano ya kimataifa yanasimamiwa na shirikisho la FEI. Farasi haingii hivi hivi. Lazima awe na pasipoti yenye jina lake, umri, alama za mwili na chanjo alizopata. Kwa mbio za kilomita 160 awe ametimiza miaka 8. Kabla ya hapo, yeye na mpandaji wake hupitia mbio za kufuzu ambazo mwendo wake una kikomo, maana anayeanza hatakiwi kukimbizwa.

Njia hukatwa vipande, na mwisho wa kila kipande daktari wa mifugo hupima moyo. Mapigo yakibaki juu ya 64 kwa dakika muda uliowekwa ukiisha, farasi anatolewa. Akichechemea, anatolewa. Hata aliyetangulia kuvuka mstari wa mwisho hajashinda mpaka daktari aridhike. Kanuni zote zinarudi kwenye swali moja: huyu bado anaweza kuendelea?

Mwaka 1916 swali hilo lilikuwa na jibu baya katika nchi yetu. Wapanda farasi wa Afrika Kusini walioongozwa na Jaap van Deventer walifika Kondoa, na farasi wao wakafa kwa maelfu. Wengine waliuawa na mbung'o, wengine na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi. Punda, nyumbu na ng'ombe wa kukokota nao walikufa. Mizigo haikupungua. Ilihamia vichwani mwa watu.

Huku kusini-magharibi, Juni 1916, jeshi la Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini liliiteka Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyuma ya askari walitembea wapagazi, kama ilivyokuwa upande wa Wajerumani. Walibeba unga, risasi na mahema, wakipanda na kushuka miinuko ambayo leo basi huizunguka kwa gia ndogo. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na wasiopungua 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa.

Bibi yangu husimulia kwamba baba yake alichukuliwa kubeba mizigo, yeye na kaka yake. Baba alirudi. Kaka hakurudi, na jina lake limepotea nyumbani kwetu. Nilipomuuliza bibi mara ya pili alisema, "Mjukuu wangu, walimwita kaka tu."

Mtu anaweza kusema zamani hawakujua kupima uchovu. Walijua. Jeshi la Uingereza lilikuwa na kikosi kizima cha madaktari wa mifugo. Ujuzi wa kumsimamisha kiumbe kabla hajaanguka ulikuwepo, ila ulikuwa na mipaka ya nani astahili kusimamishwa.

Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi: Waafrika na Waasia wengi waliokufa katika vita hiyo, angalau 116,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Dar es Salaam tunapita kila siku Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi, tukiulizia bei ya viatu.

Sina ugomvi na farasi. Kanuni zake ni nzuri, na natamani zingekuwepo mapema zaidi na kwa viumbe wengi zaidi. Lakini kila ninaposoma ukurasa wa kwanza, unaotaka jina la mshiriki kabla ya kitu kingine chochote, namfikiria kaka yake babu akiondoka na mzigo kichwani, bila mtu wa kumwandika.