Nosferatu: Habari za Picha Iliyohukumiwa Kuteketezwa

Katika mwezi wa Julai, mwaka wa 1925, mahakama ya Berlin iliamuru kwamba picha moja ya sinema iteketezwe, nakala zake zote pamoja na utepe wa asili ambao nakala hizo zilitolewa. Picha hiyo iliitwa Nosferatu, nayo ilikuwa imetimiza miaka mitatu tu tangu kuonyeshwa mara ya kwanza. Si jambo la kila siku kazi ya sanaa kuhukumiwa kifo, na inapohukumiwa, sababu huwa ama ni uasi juu ya serikali ama ni kuvunja heshima ya watu. Hapa haikuwa hivyo. Picha hii haikumtukana mtawala yeyote wala haikumvua mtu nguo. Kosa lake lilikuwa wizi: hadithi yake ilitwaliwa katika kitabu cha mtu mwingine bila ya idhini wala malipo.

Kitabu chenyewe ni Dracula, kilichotungwa na Bram Stoker, mtu wa Ireland, na kupigwa chapa mwaka wa 1897. Stoker alikuwa msimamizi wa jumba la michezo la Lyceum mjini London, akimtumikia mchezaji mashuhuri Henry Irving kwa muda wa miaka mingi, na uandishi ulikuwa kazi yake ya pembeni. Alipofariki mwaka wa 1912 hakumwachia mkewe, Florence, mali ya kutosha. Katika vitabu vyote alivyoandika, Dracula ndicho kilichokuwa bado na uhai sokoni, na mjane huyo alikitegemea kama mtu ategemeavyo shamba moja lililobaki. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa kuwa wapenzi wengi wa picha za kutisha wamezoea kumsimulia Bibi Florence kana kwamba yeye ndiye shetani wa kisa hiki.

Waliotengeneza picha walikuwa kampuni changa ya Kijerumani iitwayo Prana, iliyoundwa mwaka wa 1921 na Enrico Dieckmann na Albin Grau. Grau alikuwa mchoraji, tena mtu wa elimu za siri. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wakati wa vita, katika nchi ya Waserbia, mkulima mmoja alimhadithia habari za baba yake aliyefufuka kaburini na kuwanyonya watu damu. Na kwamba hapo ndipo mawazo ya picha yalipoanzia. Huenda ikawa kweli, na huenda ikawa tangazo la biashara, kwani habari hiyo ilichapishwa wakati picha inatayarishwa. Kazi ya kuandika mchezo alipewa Henrik Galeen, na uongozi alipewa F. W. Murnau, kijana wa miaka thelathini na miwili, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Plumpe.

Galeen alibadili majina na mahali. Hesabu Dracula akawa Hesabu Orlok. Harker akawa Hutter. London ikawa mji wa bandari wa Wisborg, ambao haupo katika ramani yoyote. Mambo mengine yalikatwa kabisa. Kitabu cha Stoker kimesukwa kwa barua na kumbukumbu za watu mbalimbali, na mwishowe kundi la wanaume hodari humwinda mnyonya damu hadi wakamuua. Katika picha wanaume hao hawana faida. Mtaalamu wao hutazama mimea ilayo wadudu, wala haokoi mtu. Orlok anawasili kwa merikebu iliyojaa panya na maiti, na tauni inashuka pamoja naye. Mji unafunga milango. Na anayeuokoa ni mwanamke, Ellen mke wa Hutter, ambaye kwa hiari yake anamzuia mgeni huyo kitandani pake mpaka jogoo awike. Mwangaza wa asubuhi unampata dirishani, naye anayeyuka kama moshi.

Msomaji anayedhani kwamba wanyonya damu wamekuwa wakifa juani tangu zamani za kale na aangalie jambo hili vizuri. Katika kitabu cha Stoker, Dracula hutembea mchana katika njia za London. Nguvu zake hupungua, lakini hafi. Kifo cha jua kilibuniwa katika picha hii, na leo kimeenea katika hadithi za namna hii duniani kote hata kikafikiriwa kuwa ni mila ya wazee.

Galeen alibadili majina, lakini hakuficha asili. Mwanzo wa picha uliandikwa wazi kwamba mchezo umetungwa kwa kukifuata kitabu cha Dracula cha Bram Stoker. Ni vigumu kujua kama ulikuwa unyofu au ni kutojali sheria tu. Kwa vyovyote, mwizi alitia sahihi penye mlango alipoingilia. Picha ilionyeshwa kwa wageni waalikwa tarehe 4 Machi, 1922, katika ukumbi wa bustani ya wanyama mjini Berlin, kwa sherehe kubwa na mavazi ya kale. Muda si muda habari zikamfikia mjane London. Akajiunga na chama cha watungaji wa Uingereza, na chama kikachukua shauri lake mikononi.

Kampuni ya Prana haikungoja hukumu. Katika mwaka ule ule wa 1922 ilifilisika, na Nosferatu ikabaki kuwa picha yake ya kwanza na ya mwisho. Bibi Florence alipoona kwamba hakuna fedha ya kulipwa, alitaka jambo moja tu, kwamba picha isiwepo. Sheria ilikuwa upande wake, na haki pia. Kazi ya mumewe ilikuwa chini ya ulinzi nchini mwake mpaka mwaka wa 1962, miaka hamsini baada ya kifo chake, na Ujerumani na Uingereza zote mbili zilikuwa zimeafikiana kulinda watungaji wa kila upande. Asiyekubali kwamba mjane alidhulumiwa na ajiulize yeye angefanya nini.

Walakini picha za sinema zina tabia moja isiyopatikana katika sanamu au mchoro: hazina mwili mmoja. Wakati mahakama ilipotoa amri, nakala zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka. Ufaransa ilikuwa nazo tangu mwaka wa 1922. Katika London yenyewe, chama kimoja cha wapenzi wa sinema kilitangaza mwaka wa 1925 kwamba kitaionyesha. Mjane akapinga kwa nguvu, lakini mwezi wa Desemba, 1928, ikaonyeshwa. Mwaka wa 1929 ilifika New York. Utepe wa asili haujapatikana hata leo, na yaaminiwa kuwa uliteketea. Yaliyosalia yote ni watoto waliozaliwa ugenini.

Hapa ndipo kisa hiki kinapowahusu hasa watu wa lugha. Picha za wakati ule hazikuwa na sauti. Maneno yaliandikwa katika vibao vilivyopita kati ya sura moja na nyingine, na picha ilipouzwa nje, vibao vya Kijerumani viliondolewa na kutiwa vya lugha ya wanunuzi. Kwa hiyo kila nakala iliyookoka ni tafsiri, na kila mfasiri aliacha alama yake. Katika nakala za Kiingereza zilizoenea Marekani, Orlok alirudishiwa jina la Dracula, Hutter akawa Harker, na mji ukaitwa Bremen. Yaani majina yaliyofichwa na mtungaji yalifichuliwa na mfasiri, na kosa alilojaribu kulifunika Galeen likaandikwa upya kwa herufi kubwa.

Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Kifaransa. Hutter anavuka daraja karibu na ngome ya Orlok, kisha kibao kinatokea. Katika Kijerumani, msimulizi anasema kwamba mara baada ya kuvuka, Hutter alishikwa na zile njozi za kuogofya alizomweleza mara nyingi. Neno lililotumika ni Gesichte, ambalo si nyuso, kwani nyuso ni Gesichter. Ni njozi, mambo yaonwayo na mtu peke yake. Mfasiri wa Kifaransa aliandika kwamba alipofika ng'ambo ya daraja, mizuka ilikuja kumlaki. Tofauti ni kubwa. Katika Kijerumani hofu imo ndani ya kichwa cha mtu. Katika Kifaransa imo njiani, inamwendea kwa miguu yake. Washairi wa Paris walioitwa wasurrealisti waliupenda mno usemi huu, na kiongozi wao André Breton akauzungumzia katika kitabu chake cha mwaka wa 1932, Les Vases communicants. Hivyo usemi uliosifiwa kuliko yote katika picha hii haukuandikwa na mtungaji wake. Mtu mkali ataiita tafsiri mbaya. Lakini mtazamaji anayeziona sura zinazofuata, gari la farasi likienda kwa kasi isiyo ya kawaida, na msitu uliogeuzwa ukawa mweupe chini ya mbingu nyeusi, hataona kwamba mfasiri aliisaliti picha. Aliisikia tu vizuri kuliko alivyoielewa.

Neno Nosferatu lenyewe ni mzuka wa kamusi. Stoker alilipata kwa Emily Gerard, mwandishi aliyekaa Transylvania na kuchapisha habari za imani za wenyeji mwaka wa 1885, akisema kwamba ndilo jina la mnyonya damu kwa Kiromania. Warumania hawalijui. Wataalamu wamekisia kwamba Gerard alisikia vibaya nesuferitul, yaani asiyevumilika, au necuratul, yaani mchafu, ambalo pia ni jina la Ibilisi. Wala shauri halijakatwa. Neno lililozaliwa kwa sikio la mgeni likaingia kitabuni, likatoka kitabuni likaingia katika sinema, na sasa lajulikana na mamilioni ya watu isipokuwa wale lililodaiwa kuwa lao.

Na kama ingetakiwa kutiwa vibao vya Kiswahili, mfasiri angekuta shida ya namna yake. Neno mumiani lipo, na katika Afrika Mashariki limebeba hofu ya kunyonywa damu kwa vizazi kadha. Luise White aliziandikia hofu hizo kitabu kizima mwaka wa 2000. Lakini mumiani ni mtu hai, atembeaye usiku kwa niaba ya wakubwa, na damu aichukuayo ina soko. Orlok hauzi kitu. Msukule kwa upande wake amekufa na hakufa, ila ni mtumwa wa mchawi, hana tamaa yake mwenyewe. Orlok ni bwana wa nyumba yake, ana hati ya kununua nyumba ya pili, na njaa ni yake. Yafaa pengine kusema mnyonya damu tu, na kuiacha picha ijieleze.

Juu ya maneno kuna rangi. Mitambo ya wakati huo haikuweza kupiga picha usiku, kwa hiyo Murnau alizipiga sura za usiku mchana kweupe, kisha utepe ukatiwa rangi ya samawati ili watazamaji wajue kwamba jua limekuchwa. Nakala zilizosambaa baadaye zilipigwa kwa weusi na weupe tu, rangi zikapotea. Matokeo yake ni kichekesho: Orlok, ambaye jua litamwua mwisho wa hadithi, anaonekana akibeba jeneza lake mjini mchana, na kivuli chake kimelala barabarani. Vizazi viwili vya wapenzi vilitazama hivyo na bado wakatishika, jambo linalompa sifa Max Schreck aliyecheza Orlok. Jina la Schreck kwa Kijerumani lina maana ya hofu, na wako waliodai kwamba halikuwa jina la kweli, au kwamba mtu huyo hakuwa mtu. Alikuwa mchezaji wa majukwaani, alizaliwa mwaka wa 1879 na kufa 1936, mwenye jina lililotoka kwa baba yake.

Kazi ya kuirudishia picha umbo lake ilichukua miaka mingi. Lotte Eisner, aliyekimbia Ujerumani mwaka wa 1933 na kufanya kazi katika hazina ya sinema ya Paris, alitoa mwaka wa 1964 kitabu juu ya Murnau. Baadaye Enno Patalas wa Munich alilinganisha nakala za nchi mbalimbali, sura kwa sura, kama mhariri wa utenzi alinganishavyo hati za wanakili, na katika miaka ya 1980 akaonyesha picha iliyo karibu na ya Murnau. Nakala moja ya Kifaransa iliyohifadhiwa Paris ilikuwa na rangi zake, nayo ndiyo iliyowaongoza watengenezaji waliofuata, hata wa mwaka wa 2006. Usiku ukarudi mahali pake. Muziki wa Hans Erdmann, uliopigwa siku ile ya bustani ya wanyama, haukupatikana wote. Ulijengwa upya kwa kutumia vipande alivyochapisha mwaka wa 1926.

Bibi Florence alifariki mwaka wa 1937, baada ya kuuza haki za sinema kwa Wamarekani, waliotoa Dracula yao mwaka wa 1931. Murnau alikufa mwaka huo huo wa 1931 kwa ajali ya gari huko California, akazikwa Stahnsdorf, karibu na Berlin. Mwezi wa Julai, 2015, walinzi walikuta kaburi lake limefunguliwa na kichwa chake kimechukuliwa.