Mateso ya Binadamu Katika Sanaa na Vitabu vya Kale vya Wajaini

Wajaini si wageni kwetu. Wafanyabiashara wa jamii ya Oshwal kutoka Gujarat wamekuwapo Kenya tangu enzi za ukoloni, na hekalu lao la Mombasa wengi wetu tumepita mbele yake. Lakini ni wachache tunaojua jinsi wahenga wao walivyoyaeleza mateso ya binadamu.

Mwalimu wao mkuu, Mahavira, aliishi karne ya 6 au ya 5 K.K. katika nchi ambayo leo ni jimbo la Bihar, Uhindi. Ayaranga, kimojawapo cha vitabu vyao vikongwe kabisa, chasimulia jinsi alivyotangatanga zaidi ya miaka 12 bila makao. Katika nchi ya Ladha watu walimpiga kwa fimbo, ngumi na madongo, wakamsukumizia mbwa, na wachache mno ndio waliowazuia. Msimulizi hapambi neno: mtu anaumizwa, hajibu, anaendelea na safari.

Katika Uttaradhyayana, mwana wa mfalme aitwaye Mrigaputra anawaomba wazazi wake ruhusa ya kuwa mtawa. Wazazi wanamwonya kwamba maisha hayo ni magumu. Naye anawatajia mateso aliyoyapata katika maisha yaliyotangulia, maana Wajaini huamini kwamba roho huzaliwa tena na tena. Asema alinaswa mtegoni kama paa, akavuliwa kwa ndoana kama samaki, akakamuliwa kinuni kama muwa, akakatwa kwa shoka kama mti, akafuliwa kwa nyundo kama chuma. Hapo ndipo penye uzito wa hadithi. Hizo ni kazi za kila siku za mwindaji, mvuvi, seremala na mhunzi. Mwandishi amegeuza nafasi tu, akamweka binadamu pale tulipozoea kumweka mnyama.

Wachongaji nao walishika njia yao. Huko Shravanabelagola, jimbo la Karnataka, ipo sanamu ya Bahubali yenye urefu wa zaidi ya mita 17, iliyochongwa katika jabali moja mnamo mwaka 981 B.K. kwa amri ya Chavundaraya, waziri wa wafalme wa Ganga. Yasemekana Bahubali alimshinda nduguye Bharata katika ugomvi wa ufalme, kisha akauchukia ushindi huo, akauacha. Akasimama mwaka mzima bila kutikisika. Mitambaazi imempanda miguuni na mikononi, nyoka wanachungulia kutoka vichuguuni. Lakini uso umetulia.

Je, watu hawa waliyadharau maumivu? Sivyo. Vitabu huyataja moja baada ya jingine ili tujue kwamba kila kiumbe huumia. Sanamu huonyesha kwamba aliyeumia si lazima aumize. La kwanza bila la pili lingezaa kisasi. La pili bila la kwanza lingezaa moyo mgumu. Yote mawili ndiyo ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe, fundisho ambalo Gandhi, aliyekuwa rafiki wa Mjaini Shrimad Rajchandra, alilitia katika siasa.

Vijana mlio madarasani, historia hupenda kuhesabu washindi. Kumbukeni basi kwamba Chavundaraya alikuwa pia jemadari wa vita. Alipotaka kuacha ukumbusho, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alimchagua mshindi aliyeuacha ushindi wake.