Taifa na Mkoa katika Taarifa Moja ya Habari: Mfano wa Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuitazama taarifa ya habari kama shamba la kuvunia istilahi, au kama mahali pa kusahihishia makosa ya watangazaji. Kazi hiyo ina faida yake. Hata hivyo, ni mara chache tunapouliza swali linalotangulia hayo yote: taarifa yenyewe imepangwa kwa mpango gani, na mpango huo umeipa lugha yetu kazi gani?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama jinsi habari za taifa na habari za mikoa zilivyokuja kukaa katika taarifa moja ya televisheni nchini Kenya. Mfano wetu ni miji miwili jirani, Kitale na Bungoma. Hoja yetu ni kwamba taifa na mkoa viligawanywa kwa lugha kabla ya kugawanywa kwa dakika. Kiswahili kilikabidhiwa taifa, nazo lugha za makabila zikakabidhiwa sehemu zao. Kwa sababu hiyo, hata habari hizo zilipounganishwa, habari za mahali kwa Kiswahili zilikosa mwenyewe.

2. Njia ya reli na mpaka wa mkoa

Reli kuu iendayo Uganda hupita Webuye na Bungoma kabla ya kufika Malaba. Kitale iko katika tawi jingine, lililofika huko mwaka 1926, nalo huchomoka Leseru, karibu na Eldoret. Kwa hiyo, katika miaka ya gari moshi la abiria, aliyetaka kutoka Kitale hadi Bungoma kwa reli alilazimika kwanza kurudi nyuma hadi Leseru, ndipo aelekee kwa jirani yake. Wakati huohuo wachuuzi wa mahindi na ng'ombe walikata moja kwa moja kupitia Kiminini na Kamukuywa.

Utawala nao ulifuata mkondo wa reli. Trans Nzoia ilikuwa ardhi iliyotengewa walowezi wa Kizungu. Bungoma ilikuwa katika ardhi ya Waafrika, kwanza ndani ya Nyanza ya Kaskazini, kisha, kuanzia mwaka 1956, ndani ya wilaya ya Elgon Nyanza. Tume ya Mipaka ya Majimbo ilipofanya kazi yake mwaka 1962, suala la Kitale lilizua mvutano hata ndani ya chama cha KADU. Masinde Muliro na Wabukusu wenzake waliitaka iwe upande wa Magharibi, na viongozi wa Wakalenjin wakaidai iwe ya Bonde la Ufa. Mwishowe Kitale ilibaki Bonde la Ufa, mkoa ambao makao yake yalikuwa Nakuru, na Bungoma ikawa chini ya Kakamega. Hivyo ndugu wa ukoo mmoja, wenye shamba Kiminini na makaburi ya wazee wao Bungoma, wakawa watu wa mikoa miwili.

3. Kuunganishwa kwa idhaa

Matangazo ya redio yalianza Kenya mwaka 1928, nayo yaliwalenga walowezi. Huduma maalumu ya Waafrika iliundwa mwaka 1953, na katika miaka iliyofuata pakawa na vituo vya sehemu: Sauti ya Mvita huko Mombasa, kituo cha Mlima Kenya huko Nyeri, na kituo cha Ziwa huko Kisumu. Televisheni ilianza mwaka 1962 kwa mtambo uliowekwa Limuru. Tarehe 1 Julai 1964 shirika la utangazaji lilitwaliwa na serikali likaitwa Sauti ya Kenya. Lilibaki na jina hilo mpaka mwaka 1989, lilipogeuzwa tena kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya.

Katika mpango wa Sauti ya Kenya, Idhaa ya Taifa ilisema Kiswahili, idhaa nyingine ikasema Kiingereza, na lugha nyinginezo zikapewa saa zao katika huduma za sehemu. Msikilizaji wa Bungoma alipata habari za upande wake kwa Luluhya. Tukumbuke kwamba Luluhya hiyo yenyewe ilikuwa jaribio la kuunganisha. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha, ambamo Bi. L. L. Appleby alifanya kazi kubwa, ilijaribu kuzipatia lahaja nyingi mwandiko mmoja, na Wabukusu na Waragoli hawakuupokea kwa moyo mkunjufu. Basi hata habari za "kwetu" zilimfikia Mbukusu kwa maneno ambayo hakuyahesabu yote kuwa yake.

Kitale ilikuwa na tatizo jingine. Baada ya uhuru mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa, na mji ukawakusanya Wabukusu, Wasabaoti, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu na wengineo. Hao wote hupatana bei ya mahindi kwa Kiswahili. Hapakuwa na lugha moja ya kabila iliyoweza kuitangazia Kitale habari za Kitale. Lugha ya kufaa ilikuwapo sokoni, lakini redioni lugha hiyohiyo ilikuwa imekwisha kupewa kazi ya taifa zima.

Televisheni haikuweza kugawanywa kama redio. Taarifa zake za habari zilikuwa za Kiswahili na za Kiingereza, na taifa pamoja na mikoa yake yote ilibidi vienee ndani ya taarifa moja. Habari za wilayani zilikusanywa na maofisa wa habari wa serikali na kupelekwa Nairobi kwa njia ya Shirika la Habari la Kenya, lililoanzishwa Desemba 1963. Ofisa wa Kitale alikuwa chini ya mkoa mmoja, na mwenzake wa Bungoma chini ya mwingine. Aghalabu habari iliandikwa kwa Kiingereza, kisha Nairobi ikatafsiriwa kwa Kiswahili. Mkulima aliyeyasema maneno yake kwa Kiswahili huko Kitale aliyasikia yakirudi kwa Kiswahili kingine, baada ya kupita katika Kiingereza. Hiyo ndiyo Leseru ya habari: kwenda kwa jirani kwa kuzunguka.

Gharama ya mzunguko huo ilionekana wazi katika mapigano ya ardhi. Mapigano hayo yalizuka Oktoba 1991 huko Meteitei, wilaya ya Nandi, yakaenea hadi Trans Nzoia na Bungoma. Waliokimbia hawakuuliza mpaka wa mkoa uko wapi, walivuka. Bunge lilipounda kamati chini ya Kennedy Kiliku mwaka 1992, kamati hiyo iliyachunguza kama jambo moja. Lakini mpango wa kukusanya habari wilaya kwa wilaya, mkoa kwa mkoa, haukuwa na mahali pa kuliweka jambo moja lililo pande mbili za mpaka.

4. Kutoka "mikoani" hadi "mashinani"

Sasa tuyatazame maneno. Neno "mikoani", kwa sarufi yake, lina maana ya "katika mikoa". Nairobi nayo ilikuwa mkoa, mmojawapo wa mikoa minane ya Kenya. Hata hivyo hakuna msikilizaji aliyesikia "habari za mikoani" akatarajia habari za Nairobi. Matumizi haya si ya Kenya peke yake. Dar es Salaam ni mkoa, lakini mwenyeji wake akisema "mabasi ya mikoani" anayataja yale yanayotoka nje ya mji. Kiambishi -ni, ambacho kazi yake ni kuonyesha mahali, hapa kinaonyesha umbali: mikoani ni kule asikokaa msemaji.

Katiba ya mwaka 2010 iligawa nchi katika kaunti 47, na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Trans Nzoia na Bungoma zikawa kaunti zenye hadhi sawa na ile ya Nairobi, ambayo nayo ni kaunti. Televisheni za kibinafsi zilikuwa zimekwisha kuenea tangu KTN ilipoanza mwaka 1990. Watazamaji wakawa na taarifa kadhaa za Kiswahili za jioni, na humo likatia fora neno jipya, "mashinani". Tungetazamia neno jipya lilete mpaka mpya. Halikuleta. Kaunti ya Nairobi haiko mashinani, kama vile Mkoa wa Nairobi haukuwa mikoani.

Na neno lenyewe lina kinaya chake. Shina ndilo libebalo mti. Matawi hutoka kwake. Huko Tanzania, TANU na baadaye CCM zililitumia neno hili kwa ngazi ya chini kabisa ya chama, ngazi ya nyumba kumi, tawi likiwa juu yake, na maana ya mti haikupotea. Katika taarifa ya habari mti umegeuzwa: matawi husomwa kwanza, na shina huja karibu na mwisho, kabla ya michezo.

Mwandishi wa makala haya alilelewa Kiminini katika miaka ya 1990, na bibi yake, ambaye Wabukusu humwita kukhu, hakukosa taarifa ya habari ya Kiswahili. Ilianza na shughuli za Rais, ikafuata mawaziri. Ilipokwisha, kukhu aliuliza, "Na sisi je?" Hakuuliza kwa uchungu, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama mgeni aliacha salamu. Kiswahili alikielewa vyema. Alichotaka kujua ni kama lugha ile ilikuwa na habari naye.

5. Mfano wa ng'ambo

Suala hili si la Afrika peke yake. Mwandishi alipokuwa masomoni Uingereza aliona taarifa ya taifa ya BBC ikisomwa saa kumi na mbili jioni, na baada ya nusu saa kila sehemu ikageukia taarifa yake. Huko Uskoti wengi walitaka taarifa moja inayoanzia Uskoti na kuutazama ulimwengu kutoka hapo. Pendekezo hilo lilikataliwa mwaka 1998. Februari 2019 kipindi cha aina hiyo kikaanzishwa katika chaneli mpya, na mwaka 2024 BBC ikatangaza kwamba kitaondolewa. Lakini Mskoti hutangaziwa taifa na sehemu kwa Kiingereza kilekile, na ugomvi wake ni wa saa na wa mpangilio. Ugomvi wetu ni mzito zaidi, kwa kuwa kwetu lugha yenyewe ilipewa upande.

6. Hitimisho

Huenda mtu akasema kwamba tatizo limekwisha, maana leo Mulembe FM hutangaza kwa Luluhya na Sulwe FM kwa Lubukusu. Redio hizo ni neema, wala hatuzibezi. Lakini tuangalie: zinaurudia ule mgawanyo wa Sauti ya Kenya. Mbukusu wa Kitale amepata redio yake, na jirani yake Mturkana, waliyepakana naye shamba, hawezi kuisikiliza pamoja naye. Zipo redio chache za Kiswahili katika sehemu hizo, ila taarifa kubwa za jioni bado zinatoka Nairobi.

Kwa hiyo kuunganisha taifa na mkoa si kazi ya kuongeza dakika za "mashinani". Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, habari ipangwe kwa jambo, si kwa mahali: bei ya mahindi ya Kitale isomwe pamoja na sera ya mahindi ya Nairobi, kwa kuwa ni habari moja. Pili, Kiswahili cha Kitale na cha Bungoma kiachwe kifike hewani bila kuzungushwa kwa Kiingereza. Sisi walimu wa lugha tuna sehemu yetu ya lawama, kwa kuwa tumewafundisha waandishi wetu kwamba Kiswahili fasaha ni kile kisichoonyesha kimetoka wapi. Lugha ya taifa ambayo haiwezi kusema habari za Kiminini ikiwa Kiminini bado haijawa ya taifa zima.